Lafudhi aliyoivaa Mzee Ojwang'

Mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tumeizoea mno hata hatuihoji tena. Hata hivyo, yuko mwigizaji mmoja wa Kenya aliyeigeuza: hakucheza kwao, alicheza kwa wenziwe, na nchi nzima ikamtuza. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Msomaji mpendwa, huenda jina hilo lisikuambie kitu. Nikikutajia Mzee Ojwang' Hatari, naamini utatabasamu kabla sijafika kituoni.

Marehemu Wanjau alifariki jijini Nairobi tarehe 12 Julai, 2015. Alikuwa Mkikuyu, Ojwang' alikuwa Mjaluo. Kwa zaidi ya miaka thelathini mtu huyo mmoja aliishi na majina mawili na lafudhi mbili, na Wakenya wengi hawakutambua mpaka magazeti yalipoandika habari za ugonjwa wake. Nakumbuka mshangao uliowapata watu huku kwetu Kwale. Mzee mmoja pale Ukunda aliapa kwamba magazeti yamekosea, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amemsikiliza Ojwang' tangu ujana wake na hakuna Mkikuyu asemaye vile.

Mzee yule hakuwa mjinga. Alitoa, bila kujua, ushahidi mkubwa kabisa wa kipaji cha marehemu.

Wanjau alianza kufahamika katika miaka ya 1980, zama za Sauti ya Kenya, shirika lililokuja kubadilishwa mwaka wa 1989 likawa KBC. Kipindi kilichompa jina kilikuwa Vitimbi, alikoshirikiana na Bi. Mary Khavere, yaani Mama Kayai. Walikuwa mume na mke wasioishiwa na ubishi, na ubishi wao ulijaa mambo ya kila siku: fedha, wivu, jirani, tamaa. Alionekana vilevile katika Vioja Mahakamani, Vituko, Kinyonga na Darubini. Vipindi hivyo vilitengenezwa kwa mapambo machache na vyumba vichache, kiasi kwamba mtazamaji alihisi jukwaa la tamthilia limehamishiwa sebuleni kwake. Mwigizaji hakuwa na pa kujificha. Alikuwa na uso wake, kofia yake, miwani yake na, zaidi ya yote, sauti yake.

Niruhusu nizungumze kidogo kama mwanaisimu, maana hapo ndipo penye ufundi ambao wengi wetu tuliucheka bila kuupima. Kijaluo hakina sauti ya /sh/ wala ya /z/. Ndiyo maana Mjaluo ambaye Kiswahili kimemjia ukubwani aghalabu husema “sule” na “msee”. Kikikuyu nacho kina mambo yake: hakitofautishi /l/ na /r/, na sauti kama /b/ na /d/ hupenda kutanguliwa na nazali, ndipo “baba” akawa “mbamba”. Sasa mfikirie Wanjau mbele ya kamera. Ilimpasa kwanza aizuie lafudhi ya mamake isichomoze. Ilimpasa kisha aivae lafudhi ya jirani, pamoja na mpando na mshuko wake wa sauti, ambao ni mgumu kuiga kuliko konsonanti. Yote hayo aliyafanya ndani ya lugha ya tatu, Kiswahili, isiyokuwa ya mmoja wala ya mwingine. Tena aliyafanya huku akichekesha, na mchekeshaji hana nafasi ya kusita.

Mimi nilimjua nikiwa mtoto Msambweni. Mtaani petu palikuwa na televisheni moja, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Mwenyewe alikuwa mtu mkarimu, na jioni ya Vitimbi uani kwake palijaa watu: watoto mbele mchangani, kina mama juu ya mikeka, wanaume wamesimama nyuma kana kwamba wanapita njia tu. Miongoni mwa waliosimama nyuma alikuwepo fundi cherehani mmoja aliyetoka upande wa Kisumu. Alikuwa ameishi nasi miaka mingi. Alitushonea sare za shule na kanzu za Idi. Hatukumwita kwa jina. Tulimwita Fundi, na mamangu, aliyemzidi umri, alimwita mwanangu.

Fundi ndiye aliyecheka kuliko sote. Usiku mmoja, sote tukiwa tumechoka kwa kicheko, alitikisa kichwa akasema, “Huyu msee si Mjaluo. Huyu ananiiga mimi.” Tulidhani anafanya mzaha. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma fonolojia, nilitambua kwamba yule Fundi, aliyeishia madarasa ya msingi, alikuwa na sikio lililogundua jambo ambalo taifa zima lililikosa.

Kisha ukaja mwaka wa 1997, mwaka wa uchaguzi mkuu. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zikaenea kusini kuingia Kwale. Waliolengwa ni wale walioitwa wabara: Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba na wengine waliokuja pwani kutafuta riziki. Zaidi ya watu mia moja waliuawa. Maelfu kwa maelfu waliyahama makao yao, na wengi wakajazana katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni wakitafuta hifadhi. Baadaye Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza mapigano hayo pamoja na mengine ya miaka ile. Kuna mikono ya wanasiasa katika habari hiyo, nayo imeandikwa kwingi. Nitakalo mimi kulisema ni dogo, nalo halimo katika ripoti.

Fundi alikaa chumbani mwetu siku nne. Kwa umbo hakutofautiana na wanaume wa mtaani. Kwa miaka ile yote alikuwa amevaa kikoi na kofia ya kiua kama wengine. Mamangu alimpa sharti moja tu: “Mwanangu, mtu akibisha hodi, usiitikie. Hata karibu usiseme.” Kikoi kingemsitiri na kofia ingemsitiri. Neno moja tu lingemfichua. Siku nne mtu yule, aliyekuwa msemaji na mcheshi, hakufungua kinywa ila usiku, tena kwa kunong'ona. Siku ya tano alipakiwa kwenye lori pamoja na cherehani yake. Hatukumwona tena.

Biblia, katika Kitabu cha Waamuzi, ina kisa cha Waefraimu waliofika vivuko vya Yordani wakaambiwa watamke “Shibolethi”. Wao wakasema “Sibolethi”, kwa kuwa ulimi wao haukuiweza /sh/, na wakauawa. Nimekifundisha kisa hicho darasani mara nyingi, kwa sababu hakuna mwanaisimu asiyekifundisha. Lakini kila nikifika hapo huwa nakiona kile chumba cha Msambweni, na sauti iliyokosekana ni ileile.

Sijui ni wiki ngapi zilipita kabla betri kuwashwa tena uani kwa jirani. Ninachokumbuka ni kwamba Ojwang' aliingia kama kawaida, akasema neno lake la kwanza, na watoto wakacheka. Watu wazima hawakucheka. Mamangu aliinua mkeka wake akaenda zake.

Kwa muda mrefu nilikasirika na Ojwang'. Nilijiambia kwamba lafudhi kwake ilikuwa kofia: akimaliza kazi huitundika ukutani akaenda nyumbani. Fundi hakuwa na ukuta wa kuitundikia yake. Yako mengi ya kweli katika hoja hiyo, na sitaki kuyafuta. Vichekesho vya aina ile viliwafunza watoto wa nchi nzima kwamba ulimi wa Mjaluo ni kitu cha kuchekesha. Nimewasikia walimu wakimkemea mwanafunzi, “Usiongee kama Mzee Ojwang'!” Huyo mwanafunzi hakuwa akiigiza. Alikuwa akisoma kwa sauti.

Lakini tangu habari za mwaka wa 2015 nimelazimika kuipima upya hasira yangu. Kama Benson Wanjau angekuwa Ukunda Agosti ile, na kama angeivua lafudhi ya Ojwang' akabaki na yake mwenyewe, angebaki na nini? Angebaki na lafudhi ya Mkikuyu, nayo pia ilikuwa ikiwindwa. Kumbe alikuwa mbara aliyevaa ubara wa mwenziwe. Na katika nchi ambayo makabila hayo mawili yamegombanishwa mara kwa mara na wakubwa wao, hususan baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Mkikuyu huyu aliendelea kuwa baba wa nyumba ya Kijaluo, na watu wa makabila yote wakamkubali kuwa baba. Hakumcheza Mjaluo mwizi wala Mjaluo mpumbavu tu. Alimcheza mume mwenye wivu, mzee mwenye tamaa, mtu mwenye aibu zake na huruma zake. Mzaha ulianzia katika lafudhi, lakini haukuishia hapo.

Jambo hili si geni katika sanaa. Molière wa Ufaransa, katika tamthilia yake ya Dom Juan ya mwaka wa 1665, aliwasemesha wakulima kwa lugha ya shambani, na watu wa Paris wakacheka. Swali la kumuuliza Molière ndilo la kumuuliza Wanjau: je, mtu yule wa shambani amepewa chochote zaidi ya lafudhi yake? Pale alipopewa moyo na akili, sanaa imetenda haki. Pale alipopewa ulimi mzito tu, huo ni udhalilishaji, hata ukumbi ungepasuka kwa vicheko.

Kuvuka Lunga Lunga na Horohoro, jirani zetu wa Tanga walikuwa na Amri Athumani, King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti, 2018. Huyo ndiye aliyecheza kwao. Alichekesha kwa Kiswahili alichozaliwa nacho, na hakuna aliyehitaji kuulizana ni lafudhi ya nani. Nawapenda wote wawili, ila nadhani kazi ya Wanjau ilikuwa ngumu na ya hatari zaidi, kwa kuwa mwenye kuazima nguo ya jirani hana budi kuirudisha bila kuichafua.

Tusije sisi watu wa pwani tukadhani kwamba somo hili ni la wabara peke yao. Nilipokwenda chuo kikuu, wenzangu waliniomba niseme “kama Mdigo” ili wacheke. Kidigo chetu kina /dz/ na /ts/. Jua twaliita dzuwa na ardhi twaiita tsi, na sauti hizo hutufuata tunaposema Kiswahili. Nilijifunza kuzificha. Ajabu ni kwamba ukitembea ufuo wa Diani utamsikia mtalii akisema “Jambo” kwa ulimi mzito kuliko jiwe, nasi sote tukampigia makofi. Kijana wa Kinango akienda kusailiwa kazi katika hoteli iyo hiyo, lafudhi yake huhesabiwa kuwa kasoro. Mgeni wa mbali hupongezwa kwa kujaribu, mwananchi akachekwa kwa kukosea. Hiyo ni mizani gani?

Ombi langu kwa walimu wa Kiswahili ni jepesi. Rekebisheni tahajia, kwa kuwa tahajia sanifu ni mali ya wote. Fundisheni matamshi sanifu pia, kwa subira. Lakini msimcheke mtoto kwa sauti ambayo lugha ya mamake haikumpa, wala msiwaruhusu wenzake wamcheke. Mtoto akizoeshwa kusikiliza ulimi wa mwenziwe ili amcheke, hatuna hakika mwaka wa uchaguzi ataambiwa ausikilize kwa ajili gani.

Katika miaka yake ya mwisho Mzee Wanjau alisumbuliwa na macho, na wananchi wakachangishana fedha za matibabu. Walichanga Waluhya, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu na watu wa pwani. Mamangu alipopata habari za kifo chake alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama najua ni wapi aliko Fundi siku hizi. Nilimwambia sijui. Akasema, “Basi huyu tumwombee kwa niaba ya wote wawili.”