Kashata

Kashata ni kitafunio kitamu cha pwani ya Afrika Mashariki kinachotengenezwa kwa sukari pamoja na nazi iliyokunwa au karanga, kisha kukatwa vipande vidogo kabla hakijapoa. Huliwa Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, hasa katika miji ya pwani. Jijini Dar es Salaam hupatikana karibu kila mahali panapouzwa kahawa ya mtaani: kuanzia Posta na Kivukoni, kupitia Kisutu na Mnazi Mmoja, hadi mitaa ya Kariakoo.

Vitabu kadhaa vya mapishi vya kigeni huiweka kashata katika kundi la biskuti. Si sahihi sana. Kashata haiokwi katika tanuri, na ile ya kawaida haina unga, ingawa wapo wanaoongeza unga kidogo wa ngano katika kashata ya nazi ili ishikamane. Biskuti halisi ya pwani ni kileja, kinachotengenezwa kwa unga wa mchele, samli, sukari na iliki, kisha kikaokwa. Kashata ni jamaa wa halua na peremende: kinachoishikilia ni sukari iliyopikwa.

Aina

Aina mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Kashata ya nazi ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, laini kiasi, na yenye harufu ya iliki. Mombasa na Zanzibar hutiwa mara nyingi rangi ya waridi, na pengine hupangwa tabaka mbili, moja nyeupe na moja ya rangi. Kashata ya karanga ni ya kahawia, ngumu na yenye kumeta, kwa sababu sukari yake huunguzwa kidogo kabla ya karanga kutiwa. Katika vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam hii ya pili huonekana zaidi, kwa sababu ya uimara wake unaoelezwa hapa chini. Ipo pia kashata ya ufuta, na ya mchanganyiko wa nazi na karanga.

Kwa hesabu za elimu ya mimea, nazi ni tunda la mnazi (Cocos nucifera), wakati karanga ni mbegu ya mmea wa jamii ya kunde. Tofauti hiyo huonekana katika upishi. Nazi huja na maji na mafuta yake, hivyo hupikwa ndani ya sukari. Karanga ni kavu, hivyo hukaangwa kwanza na kuvikwa sukari mwishoni.

Kashata na kahawa

Kashata haieleweki vizuri ikitenganishwa na kahawa. Kahawa inayouzwa mitaani Dar es Salaam ni kahawa chungu, ambayo Mombasa huitwa kahawa tungu. Hukaangwa hadi kukaribia weusi, hutwangwa, huchemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi pamoja na tangawizi, na haitiwi sukari wala maziwa. Mnywaji hung'ata kipande kidogo cha kashata, halafu hupiga funda la kahawa. Utamu na uchungu hukutana mdomoni badala ya kukutana kikombeni.

Mpango huo ndio uliotengeneza umbo la kashata. Kipande ni kidogo kwa sababu kikombe ni kidogo. Ni kigumu kwa sababu hutakiwa kung'atwa mara nne au tano bila kuvunjika mkononi, pengine kwa vikombe viwili vya mfululizo. Na ni kitamu kupita kiasi. Mtu anayekila peke yake kama keki hukiona kizito, na ana haki, kwa kuwa sukari iliyomo humo ni ya kahawa pia.

Desturi ya kuweka kitu kitamu pembeni mwa kahawa isiyo na sukari inajulikana pande zote za Bahari ya Hindi ya magharibi. Katika nchi za Kiarabu kitu hicho kwa kawaida ni tende. Oman ni tende au halua, na Zanzibar halua huandamana na kahawa katika harusi na maziko. Kashata inashika nafasi hiyohiyo kwa vitu vya bei nafuu vinavyopatikana karibu: nazi ya pwani na karanga ya bara.

Muuza kahawa hubeba dele, yaani birika la shaba au bati lenye umbo la koni, likiwa juu ya jiko dogo la mkaa. Mkono wa pili hushika vikombe vidogo vya kauri ambavyo huvigonganisha ili vilie, na mlio huo ndio tangazo lake. Kashata hukaa katika sahani au ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Wauzaji wengine hawatembei. Huweka mabenchi kwenye kona ya mtaa, na mahali hapo huitwa kijiwe. Posta wateja wake ni madereva, wafanyakazi wa ofisini na mafundi viatu. Kariakoo ni wapagazi, wenye maduka na wasafiri waliokuja kununua bidhaa za jumla. Klabu za Yanga (1935) na Simba (1936) zina makao yao katika eneo hili, moja Jangwani na nyingine Mtaa wa Msimbazi, na mabishano juu ya timu hizo huenda ndiyo yanayouza vikombe vingi zaidi. Mabaraza ya aina hii yako pia Zanzibar, maarufu zaidi likiwa lile la Jaws Corner katika Mji Mkongwe. Katika mwezi wa Ramadhani biashara hiyo huhamia usiku, baada ya futari.

Utengenezaji

Kwa kashata ya nazi hutakiwa nazi iliyokomaa. Waswahili hutofautisha hatua za tunda hili kwa majina: kidaka, kitale, dafu, koroma, na mwisho nazi. Koroma haifai kwa kuwa nyama yake bado ni laini na ina maji mengi. Nazi huvunjwa na kukunwa kwa mbuzi, na mkunaji huacha kabla ya kufikia ganda la kahawia ili kashata ibaki nyeupe. Tui halikamuliwi. Chicha inayobaki baada ya kukamua tui inaweza kupikwa, lakini hutoa kashata kavu inayochanguka, kwa kuwa mafuta yaliyopaswa kuilainisha yamekwenda na tui.

Sukari na maji kidogo huchemshwa hadi kuwa shira. Nazi, iliki iliyosagwa na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili hutiwa, kisha mchanganyiko hukorogwa kwa mwiko bila kuachwa mpaka uanze kujitenga na sufuria. Hapo joto la shira huwa limefika karibu nyuzi 112 hadi 116 za Selsiasi. Wapishi wengi hawana kipimajoto. Hudondosha tone katika maji baridi na kuliangalia. Likiweza kuviringwa kama kidonge laini, shira iko tayari. Mchanganyiko humiminwa katika sinia lililopakwa samli au mafuta, husawazishwa na kukatwa kwa mshazari ili kutoa vipande vya umbo la almasi. Ukikatwa baada ya kupoa kabisa, vipande huvunjika ovyo.

Kashata ya karanga hutaka mkono mwepesi zaidi. Karanga hukaangwa kavu na kupetwa ili maganda yake mekundu yatoke. Sukari huyeyushwa peke yake, bila maji, hadi igeuke rangi ya kahawia, jambo linalotokea karibu na nyuzi 160 hadi 170. Kutoka kahawia inayopendeza hadi uchungu wa kuungua ni muda mfupi sana. Karanga hutiwa mara moja, hukorogwa, na yote humwagwa juu ya kibao au meza iliyopakwa mafuta, hubanwa kwa chupa au mpini na kukatwa haraka. Sukari ya kiwango hiki huchoma vibaya kuliko maji yanayochemka, kwa sababu ina joto kubwa zaidi na huganda kwenye ngozi. Hii ni kazi ya kufanywa watoto wakiwa mbali.

Aina hizi mbili hugumu kwa njia tofauti. Katika kashata ya nazi sukari hurudi kuwa chembechembe ndogo inapopoa, ndiyo maana huyeyuka mdomoni kama mchanga laini. Katika ile ya karanga sukari huganda bila kufanya chembe, kama kioo. Matone machache ya ndimu katika shira huzuia chembe kubwa zisijitokeze, kwa sababu tindikali huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi.

Joto na unyevu

Dar es Salaam si mji rafiki kwa kashata. Sukari iliyoganda kama kioo huvuta unyevu wa hewa, na wakati wa masika kashata ya karanga iliyoachwa wazi hunata vidoleni baada ya saa chache. Ndoo yenye kifuniko kinachobana inahitajika hasa kwa sababu hiyo, mbali na kuzuia nzi na vumbi. Hata hivyo, ikifunikwa vizuri kashata ya karanga hudumu kwa wiki kadhaa. Ya nazi ina maji zaidi na mafuta mengi, hivyo baada ya siku chache huanza kuota ukungu au kunuka mafuta yaliyochacha. Muuzaji asiye na uhakika wa kumaliza mzigo wake leo huchagua karanga.

Malighafi na biashara

Sehemu kubwa ya kashata ya mjini hupikwa majumbani, mara nyingi na wanawake, na kuuzwa kwa wauza kahawa, kwenye genge na kwenye malango ya shule. Mtaji wake ni mdogo: sufuria, mkaa, sukari na nazi au karanga. Nazi huingia Dar es Salaam kutoka Mafia, Mkuranga, Bagamoyo, Tanga na Zanzibar. Karanga hutoka zaidi mikoa ya kati na magharibi kama Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga.

Nazi imekuwa na matatizo ya muda mrefu. Minazi mingi ya pwani ni ya zamani, na katika Tanzania Bara kuna ugonjwa hatari unaosababishwa na fitoplasma, vimelea vinavyokaa katika mishipa ya mti. Nazi changa hupukutika, makuti hugeuka manjano, kisha kilele chote huanguka na kuacha nguzo tupu. Hakuna dawa ya kuuponya mti ulioambukizwa. Mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulishughulikia utafutaji wa mbegu zinazovumilia, na kituo chake cha Mikocheni leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).

Sukari nayo hupanda na kushuka. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua kubwa za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika madukani hata serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi Januari mwaka huo. Kwa mpishi wa kashata pigo la namna hii ni zito kuliko kwa mpika chai, kwa kuwa sukari inaweza kuwa nusu ya uzito wa anachouza. Naye hawezi kupandisha bei kidogokidogo. Kashata hununuliwa kwa sarafu, na kutoka sarafu ya shilingi 100 hatua inayofuata ni ya 200, yaani mara mbili. Kinachobadilika basi ni kisu: vipande hukatwa vidogo zaidi, au huwa vyembamba, na wateja wa kila siku huligundua jambo hilo mapema kuliko bei yoyote iliyoandikwa.

Usalama wa chakula

Hatari iliyo kubwa zaidi katika kashata ya karanga haionekani. Karanga zisizokaushwa vizuri au zilizohifadhiwa penye unyevu huota kuvu wa jenasi Aspergillus, na kuvu hao hutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo hudhuru ini na huongeza uwezekano wa saratani ya ini. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hupunguza sehemu tu ya aflatoksini. Hakuiondoi, na sukari ya kahawia huficha ladha ya karanga mbovu. Kinga iko kabla ya jiko: kuzichambua karanga na kutupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu. Zilizotupwa zisisagwe kwa matumizi mengine.

Rangi zinazotiwa katika kashata ya nazi zinapaswa kuwa rangi za chakula. Rangi za nguo au za kutia mikeka ni sumu hata kwa kiasi kidogo. Kashata pia ina sukari nyingi inayong'ang'ania meno, na watu wenye kisukari hushauriwa kuikwepa. Kahawa chungu haipunguzi sukari iliyomo.

Vitamu vinavyofanana

India kuna chikki, ya karanga na sukari guru, ambayo ni karibu sawa na kashata ya karanga, na barfi ya nazi inayofanana na ile nyeupe. Vyote viwili huuzwa katika maduka ya vitamu ya Kihindi ya mitaa ya Kisutu na Posta, hatua chache kutoka kwa wauza kahawa. Brazili kuna cocada, ya nazi na sukari. Katika sinia la sikukuu la Waswahili kashata hukaa pamoja na visheti, vileja, kaimati na ladu, na hapo huliwa na chai ya maziwa au sharubati, na vipande vyake hukatwa vikubwa zaidi kuliko vya kijiweni.