Kabla Dawa Haijaingia Mwilini

Utoaji wa dawa ni hatua ya mwisho katika mlolongo unaoanza pale ugonjwa unapotambuliwa. Katika hospitali kubwa mlolongo huo hupita kwa watu kadhaa: daktari huandika, mfamasia huhakiki, muuguzi hutoa, na kosa la mmoja huweza kugunduliwa na mwenzake. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, mambo mara nyingi ni tofauti. Mfumo wa afya wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umeigawa nchi katika maeneo ya afya. Kila eneo lina hospitali kuu ya rufaa pamoja na vituo vya afya, na kituo huongozwa na muuguzi mkuu ambaye wengi humwita IT, kifupi cha Kifaransa “infirmier titulaire”. Muuguzi huyo humpima mgonjwa, humwandikia dawa, huitoa kabatini, huichanganya na kuidunga. Hakuna jicho la pili. Kwa hiyo usalama wa mgonjwa unategemea mambo mawili aliyo nayo muuguzi: kujua dawa inafanya nini mwilini, na mazoea ya kujihakiki kila mara, hata usiku, hata foleni ikiwa ndefu.

Ukubwa wa tatizo unatambulika duniani kote. Mwezi Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara yanayotokana na makosa ya dawa, na likakadiria kuwa makosa hayo huigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Makosa mengi hayatokani na uzembe. Hutokana na uchovu, mwandiko usiosomeka, ampuli zinazofanana na hesabu iliyofanywa kwa haraka.

Safari ya dawa mwilini

Dawa ikishaingia mwilini hupitia hatua nne: hufyonzwa, husambazwa, huvunjwavunjwa na mwisho hutolewa. Dawa inayomezwa hupita tumboni na kwenye utumbo, kisha kwenye ini, kabla ya kuufikia mwili wote, na sehemu yake hupotea njiani. Inayodungwa msulini hufyonzwa taratibu kutoka hapo. Inayodungwa kwenye mshipa huingia damuni yote kwa mara moja, ndiyo maana njia hiyo huokoa haraka na huua haraka vilevile. Kazi kubwa ya kuvunja dawa hufanywa na ini, na figo hutoa mabaki, ingawa baadhi ya dawa, kama gentamisini, hutoka kwa njia ya figo bila kubadilishwa. Mgonjwa ambaye figo zake zimechoka akipewa gentamisini kwa kipimo cha kawaida, dawa hujikusanya mwilini na inaweza kuharibu figo hizo zaidi, au kumwondolea uwezo wa kusikia.

Muda ambao dawa hupungua kwa nusu katika damu huitwa nusu-uhai. Malaria, ugonjwa unaojaza wodi za watoto Kamina, inaonyesha maana yake vizuri. Artesunate hugeuzwa mwilini kuwa kemikali yenye nguvu ambayo nusu-uhai wake hauzidi saa moja hivi. Huua vimelea wengi kwa kasi, kisha hutoweka. Lumefantrine hukaa siku kadhaa. Vidonge vinavyochanganya artemether na lumefantrine hutumia sifa zote mbili: moja hushambulia, nyingine hubaki kumaliza waliosalia. Hii ndiyo sababu mgonjwa aliyepata nafuu kwa sindano za artesunate bado anahitaji siku 3 kamili za vidonge. Vidonge vya lumefantrine huliwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa mafuta husaidia dawa hiyo kufyonzwa.

Artesunate, kutoka kichupa hadi mshipa

Kwa miaka mingi malaria kali Kongo ilitibiwa kwa kwinini. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa artesunate walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini, asilimia 10.9. Tangu hapo artesunate ya sindano imekuwa chaguo la kwanza, na kuitayarisha kumekuwa ujuzi wa lazima kwa kila muuguzi.

Kichupa cha miligramu 60 huja na unga mkavu. Kwanza huwekwa mililita 1 ya bikabonati ya sodiamu iliyokuja nacho, kisha hutikiswa mpaka maji yawe maangavu. Yakibaki na ukungu, hayatumiki. Kwa njia ya mshipa huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na kila mililita hubeba miligramu 10. Kwa njia ya msuli huongezwa mililita 2, na kila mililita hubeba miligramu 20. Maji ya kawaida ya kuchanganyia sindano hayafai hapa. Dawa iliyochanganywa hutumika ndani ya saa 1, na kinachobaki hutupwa.

Kipimo hufuata uzito. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 hupewa miligramu 2.4. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 3 × 12, yaani miligramu 36. Kwa mshipa ni mililita 3.6, ambazo hukamilishwa kuwa 4. Kwa msuli ni 1.8, zinazokuwa 2. Anayechanganya kwa ajili ya msuli kisha akasoma safu ya mshipa kwenye jedwali la vipimo atatoa mara mbili ya kinachotakiwa. Sindano hutolewa mgonjwa anapopokelewa, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza. Hata mtoto akianza kucheza baada ya sindano ya kwanza, zile tatu za saa 24 za mwanzo hazipunguzwi.

Kazi haiishii hapo. Baadhi ya wagonjwa hupungukiwa damu wiki moja au zaidi baada ya artesunate, kwa sababu chembe nyekundu zilizoondolewa vimelea hupasuka baadaye. Mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani anapaswa kuambiwa amrudishe mtoto akiona weupe wa viganja, uchovu au mkojo mweusi katika wiki 4 zinazofuata.

Maswali matano ya kitandani

Wauguzi hufundishwa kuhakiki mambo matano: mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati. Kila moja lina mtego wake.

Mgonjwa kwanza. Miongoni mwa Waluba wa Katanga, mapacha huitwa Kyungu na Kabange, na majina hayo hurudi katika familia nyingi. Wodi moja inaweza kuwa na akina Kabange wawili, wote wana homa. Kuita jina na kusubiri mtu aitikie hakutoshi, hasa kwa mtoto ambaye mama yake amesinzia. Muuguzi humwomba mgonjwa au mlezi ataje mwenyewe majina yote na umri, kisha hulinganisha na fishi, yaani karatasi ya matibabu ya mgonjwa.

Dawa hufuata. Lebo husomwa mara tatu: wakati wa kuitoa kabatini, wakati wa kuivuta kwenye bomba la sindano, na kabla ya kutupa ampuli. Ampuli ya kloridi ya potasiamu ya mililita 10 inaweza kufanana sana na ya maji ya kuchanganyia dawa, na potasiamu ikisukumwa moja kwa moja mshipani husimamisha moyo. Dawa hiyo huwekwa mbali na nyingine, ikiwa na alama inayoonekana. Kamina kama kwingineko Kongo, familia nyingi hupewa karatasi ya dawa wakanunue farmasi na kuleta wenyewe. Kilicholetwa hakichukuliwi kuwa ndicho kilichoandikwa; jina, nguvu na tarehe ya kuisha muda husomwa upya.

Kipimo ndicho chanzo cha makosa ya mara kumi. Mtoto mchanga wa kilo 3 aliyeandikiwa gentamisini miligramu 5 kwa kilo anahitaji miligramu 15. Ampuli ya miligramu 80 katika mililita 2 ina miligramu 40 kwa mililita, hivyo 15 ÷ 40 ni takriban mililita 0.38, na bomba la mililita 1 ndilo linalofaa. Mkato ukikosewa, jibu huwa mililita 3.8, karibu ampuli mbili nzima. Mtoto mchanga anapoonekana kuhitaji ampuli mbili za dawa yoyote, hesabu hurudiwa tangu mwanzo, ikiwezekana na mtu wa pili anayehesabu bila kuonyeshwa jibu la kwanza. Katika maandishi, sifuri hutangulia mkato na haiufuati: “0,5” badala ya “,5”, na “1” badala ya “1,0”. Neno “uniti” la insulini huandikwa kamili, kwa kuwa herufi U iliyoandikwa haraka husomeka kama sifuri.

Njia na wakati hukamilisha. Sindano ya kwinini kwenye makalio ya watoto imeacha vilema Afrika Mashariki na Kati, kwani neva kubwa ya mguu hupita hapo, na dawa hiyo huunguza msuli. Kwa mtoto mdogo sindano ya msuli hupigwa upande wa mbele na nje wa paja. Ceftriaxone iliyochanganywa na lidokaini ni ya msuli tu, kamwe si ya mshipa, na haichanganywi na vimiminika vyenye kalsiamu kama Ringer.

Hesabu ya matone

Dripu, ambayo wengi Katanga huiita serumu, huonekana rahisi, lakini kasi yake ni sehemu ya kipimo. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita. Pale kwinini bado inapotumika, dozi ya mtu mzima katika mililita 500 za glukosi hutiririshwa kwa saa 4: 500 × 20 ni matone 10,000, gawanya kwa dakika 240, ni matone 42 kwa dakika. Ikiachwa kukimbia, shinikizo la damu huanguka na moyo huvurugika. Glukosi huchaguliwa kwa sababu kwinini hushusha sukari ya damu, hatari zaidi kwa wajawazito na watoto. Kwa watoto hutumika chombo chenye matone madogo, 60 kwa mililita, ambapo idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa. Kabla ya kuanza, mgonjwa huulizwa kama amekwisha kupata kwinini mahali pengine, maana kipimo kikubwa cha kuanzia hakitolewi mara mbili.

Dawa yenyewe ni ya kweli?

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, zaidi ya watu 1,000 walipokelewa hospitalini huko Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, wakiwa na misuli ya uso, shingo na ulimi iliyokakamaa. Meninjitisi ilishukiwa kwanza. Uchunguzi ukaonyesha kuwa vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepam vilikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Lebo ilisema jambo moja, kidonge kikawa na jingine. Kituo kinachonunua kwa wauzaji wasiojulikana hakiwezi kugundua udanganyifu kama huo kwa macho. Kinga ni kununua katika ghala zinazotambuliwa, kuhifadhi namba za toleo, na kutilia shaka dalili mpya zinazojirudia kwa watumiaji wa dawa moja.

Dawa halisi nayo huharibika. Oksitosini, inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua kwa kipimo cha uniti 10, hupoteza nguvu kwenye joto na huhitaji nyuzi 2 hadi 8. Penye umeme unaokatika, kipimajoto cha friji husomwa na kuandikwa kila asubuhi na jioni. Ampuli iliyokaa dirishani wiki nzima inaweza kumwachia mama damu ikitoka ilhali fishi inaonyesha amepewa dawa.

Baada ya sindano

Kutoa dawa kunaambatana na kuangalia. Mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti hupimwa kabla ya kila dozi: goti bado linaruka likigongwa, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi husitishwa, na kalsiamu glukoneti huwa tayari kando ya kitanda. Kwa penisilini, mgonjwa huulizwa kuhusu mzio, kisha huangaliwa. Akianza kuvimba midomo na kukosa pumzi, adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita hudungwa pajani haraka, mililita 0.5 kwa mtu mzima.

Kilichotolewa huandikwa mara baada ya kutolewa, si kabla: dawa, kipimo, njia, saa na sahihi. Muuguzi wa zamu ya usiku asiyekuta maandishi anaweza kurudia dozi akidhani imesahaulika. Kosa likitokea, mgonjwa hushughulikiwa kwanza, daktari au hospitali ya rufaa huarifiwa, familia huambiwa ukweli, na tukio huandikwa. Dhara lisilotarajiwa hujazwa kwenye fomu inayopitia ofisi ya eneo la afya hadi kituo cha taifa cha usalama wa dawa kilichopo Kinshasa. Mahali ambapo muuguzi anayeripoti huadhibiwa, makosa huendelea kutokea bila kuonekana. Anaposikilizwa, ampuli zinazofanana hutenganishwa, jedwali la vipimo hubandikwa ukutani, na kituo cha jirani huonywa kabla mtoto mwingine hajadungwa.