Kwa nini filamu za kutisha hufanana, na kwa nini tuzijue kanuni zake

Ukipita Wesha baada ya sala ya Isha, si ajabu kuwakuta vijana wanne au watano wamekaa barazani wameizunguka simu moja. Wakati mwengine wanaangalia mpira, wakati mwengine filamu ya kutisha. Utamsikia mmoja akisema, "Sasa hivi anatokea!" Na kweli, jini au mchawi hutokea pale pale.

Kijana huyo si mtabiri. Ameshaangalia filamu nyingi na amezizoea kanuni zake. Katika makala hii tunaeleza kanuni hizo ni zipi, zinafanyaje kazi, na kwa nini ni muhimu kwetu kuzijua.

Kanuni zinazojirudia

Ya kwanza ni upweke. Gari huharibika njiani, umeme hukatika, simu haishiki mtandao. Mtengenezaji wa filamu humtenga mtu na majirani zake kwanza, kwa sababu mtu aliye karibu na wenzake hatishiki kirahisi.

Ya pili ni onyo linalopuuzwa. Mzee husema, "Msipite njia ile," vijana wakacheka na wakapita. Hii si ngeni kwetu. Ngano za zimwi tulizosimuliwa na bibi zetu, zile zinazoanza kwa paukwa na pakawa, nazo zina mtoto aliyekatazwa jambo akalifanya.

Ya tatu ni tishio la uongo. Mlango unagongwa, moyo unaruka, kumbe ni paka. Ukishapumua, adui wa kweli ndipo anapotokea. Ya nne ni kwamba adui hafi mara moja. Akianguka na filamu bado ina dakika kumi, jua atainuka.

Sauti ndiyo inayotisha zaidi

Watu wengi hudhani wanaogopa kwa wanachokiona. Mara nyingi ni kwa wanachokisikia. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa filamu ya Psycho, isiyo na rangi. Tukio lake maarufu ni la mwanamke kuuawa bafuni, na "damu" iliyotumika ilikuwa shira ya chokoleti. Hitchcock alitaka tukio hilo lisiwe na muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaweka fidla zinazopiga kelele kama mtu anayelia, na Hitchcock akakubali kwamba hivyo ndivyo inavyotisha.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Kipande kikikutisha, kirudie ukiwa umezima sauti. Utaona mtu aliyepakwa rangi usoni anatembea polepole, basi.

Kisa cha papa

Wavuvi wetu watakielewa kisa hiki vizuri. Mwaka 1975 Steven Spielberg alitoa Jaws, filamu ya papa anayeshambulia watu. Papa wake wa mitambo aliharibika mara kwa mara akiwa kwenye maji ya chumvi. Ikabidi Spielberg asimwoneshe sana. Akatumia maji matupu na muziki wa noti mbili zinazojirudia. Watu wakaogopa zaidi, kwa sababu kila mmoja alimchora papa wake kichwani.

Hofu hiyo haikuishia kwenye sinema. Watu waliowahi kuoga baharini bila wasiwasi wakaanza kumwona papa kama muuaji, na wengine wakaenda kumwinda. Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, alikuja kujuta, na akatumia miaka yake ya baadaye kutetea hifadhi ya papa na bahari. Mvuvi anajua kwamba papa halisi si yule wa filamu. Aliyemjua papa kupitia filamu tu hana njia ya kulijua hilo.

Filamu za kwetu na uso wa mchawi

Tanzania bara nayo ina filamu zake za kutisha. Mussa Banzi ni miongoni mwa waliotangulia, kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta za miaka ya 2000. Watengenezaji wa aina hii waliiga mengi kutoka filamu za Nigeria, lakini wakaweka vitisho vinavyojulikana huku kwetu: jini mwanamke mzuri, mganga, makaburi, mchawi wa usiku. Kuna hata filamu iliyobeba jina la Popobawa.

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu. Mchawi wa filamu mara nyingi ni bibi kizee, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu. Mtengenezaji hutumia sura hiyo kwa sababu mtazamaji ataielewa bila kuelezwa. Lakini katika maisha ya kweli, bibi aliyepika kwa kuni miaka hamsini huwa na macho mekundu kwa sababu ya moshi. Huko Kanda ya Ziwa, katika mikoa kama Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi. Dhana hiyo haikuletwa na filamu. Ilikuwapo kabla yake. Ila kila filamu inayoirudia humfanya mtoto aione kuwa ni jambo la kawaida.

Tulichokiona 1995

Sisi wa Pemba tunajua hofu inavyosafiri. Mwaka 1995 habari za Popobawa zilianzia kisiwani kwetu, zikafika Unguja, kisha bara. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wakiwasha moto na kukesha. Ilisemekana kwamba aliyefikiwa na Popobawa lazima awaeleze wengine, la sivyo atarudiwa. Kwa hiyo hofu yenyewe ilibeba amri ya kuisambaza.

Mjini Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu waliodhani kwamba yeye ndiye Popobawa. Hakuwa jini. Alikuwa mgeni, mwenendo wake haukueleweka, na watu walikuwa wamekesha siku nyingi kwa hofu.

Leo ujumbe wa "tuma kwa watu kumi, usipotuma utapata msiba" unafanya kazi kwa njia ile ile, isipokuwa unafika haraka zaidi.

Video "ya kweli" kwenye simu

Mwaka 1999 Wamarekani walitoa The Blair Witch Project, filamu iliyotengenezwa ionekane kama mkanda uliookotwa msituni. Mtandaoni ilitangazwa kwamba waigizaji wamepotea, na watu wengi wakaamini. Waigizaji walikuwa hai.

Video inayotikisika, yenye kiza na mtu anayehema si ushahidi wa kitu. Hiyo nayo ni kanuni ya filamu. Ukiletewa video ya jini au mchawi, jiulize mambo matatu kabla ya kuituma: nani aliyeipiga, ilipigwa wapi, na kwa nini inakatika pale tu kitu kinapoonekana. Ikiwa inamtaja jirani au inaonesha uso wa mtu, usiitume kabisa. Mpelekee sheha.

Na watoto je?

Mtoto mdogo bado hajaweza kutenganisha filamu na kweli, na hofu yake humfuata mpaka kitandani. Ikiwa ameshaangalia, usimcheke. Kaa naye, zima sauti, mrudishie kile kipande mchana, umweleze kwamba yule ni mwigizaji na ile damu ni rangi. Kisha mtume ampelekee chakula bibi jirani mwenye macho mekundu, na umwambie amsalimie kwa shikamoo.