Uraia wa Marekani Hauna Sharti la Kazi

Ghala likipunguza watu, au kiwanda cha nyama kikifuta zamu ya usiku, fomu ya uraia huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kurudishwa kabatini. "Nikishapata kazi ndipo nitaomba," husema ndugu zetu wengi walioko Marekani. Mwaka unapita, na wa pili unaufuata. Kusubiri huko hakuna msingi katika sheria, na wapo ambao kunawaumiza.

Masharti makuu ya uraia wa tajnisi nchini humo yako katika Sheria ya Uhamiaji na Uraia, hasa kifungu cha 316. Mwombaji awe ametimiza miaka 18. Awe ameishi na kadi ya kijani kwa miaka 5, au 3 ikiwa ameoa au ameolewa na raia na wanaishi pamoja. Angalau nusu ya muda huo awe ameutumia ndani ya nchi, na miezi 3 ya mwisho katika jimbo analoombea. Awe na mwenendo mwema, ajue Kiingereza cha kawaida, na afaulu mtihani wa historia na mfumo wa serikali. Katika masharti hayo hamna kima cha mshahara wala barua ya mwajiri.

Hofu hii ina chimbuko lake. Wengi walipata kadi ya kijani kupitia mwenzi au mzazi, na katika hatua ile serikali ilitaka mdhamini ambaye kwa kawaida kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, ili mgeni asije akawa mzigo kwa umma. Kigezo hicho ni cha mlangoni. Kinampima anayeomba viza au kadi ya kijani, na hata hapo wakimbizi wamesamehewa. Anayeomba uraia hapimwi nacho. Tena siku anapokula kiapo cha uraia, wajibu wa yule mdhamini hukoma, jambo ambalo wadhamini wengi hawaambiwi.

Fomu yenyewe, N-400, inauliza ulikofanya kazi na ulikosoma katika miaka 5 iliyopita, au 3 kwa anayeomba kupitia ndoa. Jibu la asiye na kazi ni kuandika kwamba hana kazi, tangu mwezi fulani hadi mwezi fulani. Mama anayelea watoto nyumbani aandike hivyo, na aliyestaafu aandike amestaafu. Aliyekuwa akiendesha Uber au akisuka nywele sebuleni kwake hakuwa bila kazi. Alikuwa amejiajiri, na hilo nalo liandikwe.

Linaloniumiza ni kuona mtu anaandika duka la mjomba ambako hajawahi kufanya kazi, akidhani anaipamba fomu. Kwenye usaili ofisa humwapisha mwombaji kwanza, kisha huyapitia majibu yake kwa mdomo. Mwaka 1988, katika kesi ya Kungys, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba ushahidi wa uongo chini ya kiapo, ukitolewa kwa nia ya kupata manufaa ya uhamiaji, unaharibu sifa ya mwenendo mwema hata kama jambo lililodanganywa halikuwa na uzito. Maana yake ni kwamba ukweli usingemnyima kitu, lakini uongo unaweza kumnyima uraia, na ukigunduliwa baadaye, kumnyang'anya.

Jambo moja limebadilika, nami sitalificha. Agosti 2025, idara inayoshughulikia maombi haya, USCIS, iliwaelekeza maofisa wake wapime mwenendo mwema kwa kumtazama mwombaji mzima, wasiishie kuangalia kama ana makosa. Historia ya kazi halali na ya kudumu imo kati ya mambo yanayompa alama nzuri. Lakini yamo pia kulea familia, elimu, kujitolea katika jamii, muda wa kuishi nchini kihalali na kulipa kodi. Asiye na kazi basi asiende mikono mitupu. Barua ya kanisa au msikiti anakojitolea, cheti cha darasa la Kiingereza, karatasi za hospitali zinazoonyesha kwamba ndiye anayemuuguza mama yake: hizo zote ni ushahidi wa maisha yenye manufaa, nami ningezibeba hata kama hakuna aliyeziomba.

Hatari za kweli ziko kando ya ukosefu wa kazi. Ya kwanza ni kodi. Kupoteza kazi hakufuti ritani za miaka uliyofanya kazi, na mwenye deni la kodi afanye makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, aje na nakala ya makubaliano hayo na risiti za malipo. Ya pili ni matunzo ya mtoto. Kukataa kwa makusudi kumtunza mtoto kunaharibu mwenendo mwema, ila ofisa anatakiwa kuangalia kwa nini mzazi hana kazi na kama alijitahidi kutoa alichonacho. Kwa hiyo baba aliyeachishwa kazi arudi mahakamani mapema kuomba kiwango kipunguzwe, badala ya kunyamaza deni likue. Ya tatu ni posho ya waliopoteza kazi. Kuipokea ni haki ya aliyestahili. Kuipokea huku unafanya vibarua bila kutoa taarifa ni udanganyifu.

Safari nazo zina mtego. Asiye na kazi hushawishika kwenda Bujumbura au Mombasa akapumzike hadi mambo yatulie. Akikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo, huhesabiwa kuwa ameukata ukaazi wa mfululizo unaotakiwa kwa uraia, mpaka athibitishe vinginevyo. Akifikisha mwaka, umekatika. Na kabla ya kula kiapo, Mtanzania akumbuke kwamba sheria ya kwao haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkongomani naye yuko katika hali hiyo, wakati Mkenya ameruhusiwa tangu Katiba ya 2010.

Ada ni dola 760 kwa fomu ya karatasi na 710 kwa ya mtandaoni, fedha nyingi kwa nyumba isiyo na mshahara. Lakini familia yenye kipato kisichozidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini inaweza kuomba kulipa dola 380. Kwa viwango vya 2025, hiyo ni hadi dola 62,600 kwa mtu anayeishi peke yake katika majimbo mengi. Ambaye kipato cha nyumba yake hakizidi asilimia 150, au anayepokea msaada wa serikali unaotolewa kwa kupima kipato, kama stempu za chakula, anaweza kuomba asamehewe ada yote kwa fomu I-912. Kuomba msamaha huo hakumharibii mtu maombi yake.

Anayehitaji haraka kuliko wote ni mzee au mlemavu aliyeingia kama mkimbizi na anayeishi kwa SSI, posho ya wasio na uwezo. Kwa mkimbizi ambaye hajawa raia, posho hiyo kwa kawaida ina kikomo cha miaka 7. Kadi yake ya kijani huhesabiwa kuanzia siku aliyoingia nchini, na fomu ya uraia inaweza kupelekwa siku 90 kabla ya kutimia miaka 5, kwa hiyo ana kama miaka 2 ya kukamilisha kila kitu. Umri pekee haumwondolei mtihani wa Kiingereza, kwa sababu msamaha wa wazee unadai miaka 15 au 20 ya kadi ya kijani. Mwenye ugonjwa unaomzuia kujifunza ajaziwe fomu N-648 na daktari. Asiye na ugonjwa huo aandikishwe darasa la Kiingereza mwaka huohuo anaofika, maana kwa wanaoomba tangu 20 Oktoba 2025 maswali ya historia na mfumo wa serikali yamefika 128, ofisa huuliza hadi 20, na kufaulu ni kupata 12. Ila aliyefikisha miaka 65 na kukaa na kadi kwa miaka 20 ana orodha yake fupi ya maswali.