Acha Ua, Shika Jani

Msomaji ana vyungu viwili vya ua la Usambara dirishani, vyote vya zambarau, na jirani yake anashikilia kwamba hizo ni spishi mbili. Atajuaje?

Asihangaike na ua. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa mmea huu jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Tanga, kuupeleka kwao. Tangu hapo ua limewachanganya wengi: petali tano, vifuko viwili vya chavua vya manjano, na zambarau inayofanana kuanzia Usambara hadi Taita.

Jani ndilo lenye habari. Limejaa vinyweleo, ingawa neno hilo silipendi, kwa kuwa kinyweleo ni pia kitundu cha jasho. Tunalo laika, wingi malaika, kama yale ya mkononi mwa mtoto. B. L. Burtt wa Bustani ya Mimea ya Edinburgh alipozipanga spishi za Saintpaulia aliyatazama sana malaika: ni marefu, mafupi au mchanganyiko? Yamesimama au yamelala?

Mkao huo ndio raha yenyewe. Shika mahameli dukani. Ukipitisha kiganja upande mmoja, nyuzi zinalala na kitambaa kinang'aa. Ukirudisha, zinasimama, rangi inakolea, ungeapa umepewa kitambaa kingine. Hakuna rangi iliyotiwa. Nyuzi zilizolala huirudisha nuru machoni, zilizosimama huinasa katikati yao. Fundi hukata vipande vyote vikielekea upande mmoja, la sivyo gauni litaonekana lina viraka. Jani nalo ni vivyo hivyo, ila mkao wake limezaliwa nao: malaika yaliyolala hulipa mng'ao, yaliyosimama huufifisha. Aina moja ya Usambara imeitwa velutina kwa umahameli huo.

Burtt alifikisha spishi takribani 20. Mwaka 2006 mtaalamu mwingine wa mimea, Iain Darbyshire, alizipunguza hadi 6, maana malaika ya nyingine yaliingiliana mno. Na mimea ya dukani mingi ni machotara, hivyo malaika hayatoi jibu la mwisho.

Hata hivyo, msomaji achukue lenzi ya kukuza mara 10, ainue jani usawa wa jicho, ukingo wake ukielekea dirishani. Malaika yaliyosimama yatajitokeza kama nyasi kwenye mwanga. Yaliyolala hayataonekana mpaka aliinamishe jani.