Ndoto tamu ikikatika

Unaota uko mezani, bukari na samaki iko mbele yako. Unataka kutia tonge kinywani, mutu anagonga mulango! Usimukasirikie.

Mwaka 1953, wataalamu wawili wa Chicago, Aserinsky na Kleitman, walieleza kwamba kuna nyakati za usingizi ambapo macho hukimbia chini ya kope. Ndipo ndoto nyingi huja. Nyakati hizo hurudi karibu kila dakika 90, na zile za kuelekea asubuhi ndizo ndefu zaidi. Kwa hiyo anayeamushwa mapema hukatiwa ndoto iliyo ndefu.

Wazazi wa Mutoshi, tusiamushe watoto gizani kwenda kuosha mawe mutoni. Usingizi husaidia akili kushika masomo. Mutoto alale mapema, amalize ndoto yake, kisha aende shuleni.