Gazeti Lina Mwenyewe: Maoni ya Wasomaji wa Oyugis

Mwezi wa Agosti 2022, kina mama wawili wa darsa letu hapa Oyugis walipitisha wiki mbili bila ya kutoleana salamu. Mmoja ni mzaliwa wa Mombasa aliyeletwa huku na ndoa. Mwenziwe ni Mjaluo, na wazee wake ni Waislamu wa upande wa Kendu Bay, kwenye msikiti wa zamani wanaoujua wengi. Hawakugombea mali wala watoto. Waligombea hesabu za kura zilizoandikwa gazetini.

Sote tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) amemkataza Muislamu kumhama nduguye kupita siku tatu. Siku tatu zilipita, ya nne ikaingia, na darsa la Alhamisi likakosa watu. Hapo ndipo tulipotambua kwamba jambo tulilolichukulia kuwa mazungumzo ya baada ya Alasiri limekuwa ni jambo la dini. Tukaamua kuulizana wenyewe kwa wenyewe, na kuwauliza majirani: hili gazeti tunalolinunua kwa fedha ya mboga, linatupa nini? Na je, ni kweli kwamba linapendelea upande?

Tunawaandikia wenzetu wa pwani na kwingineko yale tuliyoyasikia na tuliyojifunza, kwa kuwa tunaamini nyumba zenu nazo zina gazeti mezani na mzozo barazani.

Waliyoyasema wasomaji

Oyugis ni mji wa njiani. Barabara kuu ya Kisii kwenda Kisumu imepita katikati yake, na asubuhi magazeti hushushwa pamoja na abiria. Nakala moja husomwa na watu wengi: huanza dukani, ikaenda kwa fundi cherehani, ikarudi nyumbani jioni, na mwisho wake hufungia njugu au maandazi. Kwa hivyo maoni hayakuwa haba.

Wazee wa kiume, wengi wao, walishikilia kwamba magazeti ya Nairobi hayajawahi kuwapenda watu wa ziwani. Walisema kwamba kiongozi wao akihutubia umati huandikwa kwamba amezusha rabsha, na wa upande mwingine akifanya hayo hayo huandikwa kwamba ameteka uwanja. Wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine walishikilia kinyume chake kabisa, kwamba magazeti yale yale yalikuwa yamekwisha kumtawaza kiongozi wa ziwani kabla kura hazijapigwa. Hawa na hao walikuwa wameshika nakala moja.

Kina mama wa darsa walikuwa na lalamiko lao. Tangu mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, wameona kwamba mshukiwa akiwa Muislamu dini yake hutajwa mapema, na akiwa wa dini nyingine hutajwa jina lake na kijiji chake tu. Mwaka mzima uchumi wa Waislamu, elimu yao na maradhi yao hayana ukurasa. Ramadhani ikifika huchapishwa picha ya tende na picha ya sala ya Idi, basi.

Walimu walilalamikia ubora zaidi kuliko siasa. Waliona habari ya mkutano imeandikwa kana kwamba mwandishi amenakili taarifa aliyokabidhiwa na msemaji wa mkubwa. Hakuna swali, hakuna mtu wa pili aliyeulizwa. Majina ya mahali hukosewa: Oyugis huwekwa Kisii, na Kisii ikawekwa Homa Bay. Nao vijana walituchekesha. Walisema wao hawana haja na gazeti kwa kuwa kila kitu kimo katika simu. Tulipowauliza katika simu kimeandikwa na nani, walinyamaza.

Hakuna gazeti lisilo na mwenyewe

Kabla ya kulaumu tulitaka kujua desturi hii imeanzia wapi, na historia imetufunza kwamba gazeti la Kenya halijawahi kuwa yatima. *African Standard*, mzazi wa *The Standard* ya leo, lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Halikukaa mikononi mwake miaka mingi. Liliuzwa kwa Wazungu, likahamia Nairobi, likawa sauti ya walowezi. *Nation* na ndugu yake *Taifa Leo* yametokana na uwekezaji wa Aga Khan karibu na mwaka 1960, wakati nchi ikielekea uhuru. Mwaka 1983 chama tawala cha KANU kilinunua gazeti la Hilary Ng'weno, na likageuka kuwa *Kenya Times*. Huyo hakuna aliyehitaji kuuliza anapendelea nani.

Nasi pia tumekuwa na yetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa *Al-Islah* mjini Mombasa mwaka 1932 ili kuwaamsha Waislamu. Huku ziwani, katika miaka ya 1940, Achieng' Oneko alitoa *Ramogi* kwa Kijaluo ili watu wake wasikike mbele ya mkoloni. Magazeti haya mawili yalikuwa na upande, wala hayakuuficha. Msomaji aliyafungua akijua anazungumza na nani. Kwa hivyo kuwa na upande peke yake si dhambi ya gazeti. Dhambi ni kuvaa kanzu ya hakimu hali wewe ni wakili.

Kuna pia mwenyewe wa pili asiyetajwa, naye ni mtoa tangazo. Fedha ya msomaji haitoshi kuendesha gazeti. Matangazo ndiyo yanayolipa mishahara, na kwa miaka mingi serikali imekuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa kabisa. Ilipoanza, mwaka 2015, kuyakusanya matangazo yake chini ya wakala mmoja, kila mhariri alielewa kwamba mlango wa riziki sasa una bawabu mmoja. Na wakati mwingine hutumika mkono badala ya mfuko: usiku wa tarehe 2 Machi 2006 askari waliofunika nyuso walivamia *The Standard*, wakachoma magazeti yaliyokuwa tayari kwenda sokoni. Twayataja haya ili msomaji anapomlaumu mwandishi kwa woga, ajue pia woga huo umezaliwa wapi.

Kura za 2022 na hesabu mbili

Turudi kwa mama zetu wawili. Uchaguzi ulifanyika tarehe 9 Agosti. Tume ya Uchaguzi iliweka wazi katika mtandao wake fomu za vituo, zinazoitwa 34A, ili kila mtu azione. Vituo vilikuwa 46,229. Vyombo vya habari vikubwa vilianza kujumlisha kila kimoja kivyake, na siku mbili tatu za mwanzo jumla zao hazikulingana: hapa huyu anaongoza, pale yule. Kisha hesabu hizo zikapungua kasi na nyingine zikasimama, nchi ikabaki kungojea. Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa Tume alimtangaza William Ruto kuwa mshindi, na makamishna wanne wakajitenga na tangazo hilo. Mahakama ya Juu iliuthibitisha ushindi tarehe 5 Septemba.

Katika siku hizo za kungojea, mama wa Mombasa alikuwa na hesabu moja na mama wa Kendu Bay alikuwa na nyingine. Kila mmoja aliiona hesabu ya mwenziwe kuwa ni ya wizi. Maneno yakatoka yasiyotoka kwa Muislamu: huyu akaambiwa ni mgeni asiyeijua ardhi aliyoikanyaga, na yule akaambiwa watu wake hawajui kushindwa.

Aliyetuokoa ni binti mmoja wa darsa, aliyekuwa karani katika kituo cha shule ya msingi. Alitukumbusha kwamba nakala ya fomu ilibandikwa mlangoni pa kituo. Twende tukaione. Tukaenda, watu sita, tukaisoma kwa macho yetu, kisha tukaifungua fomu ya kituo hicho hicho kwenye simu. Zilikuwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu. Halafu akatueleza jambo ambalo gazeti tulilokuwa nalo halikutueleza: kila chombo kilikuwa kikiingiza fomu kwa mpangilio wake na kwa kasi yake. Aliyeanza na fomu za ngome ya huyu atamuona huyu mbele. Aliyeanza na za yule atamuona yule. Hesabu mbili tofauti zaweza kutoka katika fomu zile zile bila ya mtu kuiba hata kura moja, maadamu kazi haijakwisha.

Mama wa Mombasa alikaa kimya kitambo, kisha akamwendea mwenziwe akampa mkono. Hatukusikia waliloambiana. Tuliona tu kwamba walirudi kwa bodaboda moja.

Dini yetu ilikwisha kutangulia

Ustadhi wa mji alitukumbusha aya ya sita ya Surat Al-Hujurat, inayotuamuru kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Wafasiri wengi wameeleza kwamba sababu ya kuteremka kwake ni mjumbe aliyetumwa kwa Banu Mustaliq kukusanya zaka. Alirudi njiani akidai kwamba wamekataa kutoa, na karibu vita vizuke, kumbe watu wale walikuwa wametoka kumlaki. Habari moja isiyohakikishwa ilikuwa imalize kabila zima.

Na katika Surat An-Nur tumefunzwa kisa cha kuzuliwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.). Lawama haikuishia kwa aliyezua. Iliwafikia pia waliolipokea neno kwa ndimi zao wakalipitisha. Sisi tunaobonyeza simu na kusambaza kwa jamaa hamsini kabla hatujamaliza kusoma, tujipime hapo.

Daftari la darsa

Baada ya hapo tuliweka daftari. Kila wiki tulichanga, tukanunua magazeti mawili ya siku moja, tukasoma habari moja katika yote mawili. Tuliandika mambo manne: nani amesema, nani hakuulizwa, kichwa cha habari kinalingana na kilichomo ndani au hakilingani, na je, hii ni habari au ni maoni ya mtu yaliyovaa nguo ya habari.

Tuliyoyapata yalituaibisha kidogo. Upendeleo tuliukuta kweli, zaidi katika vichwa vya habari na katika uchaguzi wa picha kuliko katika maelezo ya ndani. Lakini mengi tuliyokuwa tukiyaita upendeleo yalikuwa habari za kweli tusizozipenda. Na gazeti ambalo wazee wetu walilihesabu kuwa adui ndilo lililokuwa limeandika, ukurasa wa ndani kabisa, juu ya shida za wakulima wa viazi vitamu wa Kabondo, habari ambayo lile tulilolipenda halikuigusa. Hatukuwahi kuiona kwa sababu tulikuwa tukiishia ukurasa wa mbele.

Safari moja gazeti, ambalo hatutalitaja, lilichapisha ugomvi wa mpaka wa kiwanja katika mji wetu kana kwamba ni ugomvi wa dini, kwa kuwa mmoja wa waliogombana anavaa kofia. Tuliandika barua kwa mhariri, bila ya matusi, tukataja tarehe, ukurasa na kosa lenyewe. Jibu lilichelewa. Mwisho masahihisho yakatoka, mistari michache katika kona, hali kosa lilikuwa limechukua nusu ya ukurasa. Wengine miongoni mwetu walisema hiyo ni dharau. Wengine walisema ni kheri, maana mtoto wa jirani aliyekuwa akitaniwa shuleni aliikata ile kona, akaibandika ndani ya jalada la kitabu chake. Mpaka leo hatujakubaliana, wala si lazima.

Wenzetu wajue kwamba hii si hisani ya mhariri. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari isiyo ya kweli inayomgusa. Na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 imeweka Tume ya Malalamiko ambayo msomaji wa kawaida anaweza kuiendea. Ibara ya 34 nayo inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Haki hizi mbili ni jozi moja ya viatu. Mguu mmoja peku hauendi mbali.

Darsa la Alhamisi limerudi kujaa. Gazeti tunalinunua bado, na bado twalilalamikia. Mama wa Mombasa na mama wa Kendu Bay hukaa mkeka mmoja. Huyu husoma kwa sauti, yule hushika kalamu na daftari. Wakati wa uchaguzi ukikaribia tena, tunawaomba wenzetu wa pwani nao wafungue daftari lao mapema, kabla hesabu za kura hazijaanza kutangazwa na kabla mtu hajamnyima nduguye salamu.

Wabillahi tawfiq.